Vali Mbili, Chanzo Kimoja

Gesi asilia ya Songo Songo, iliyoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, husafiri bombani kwa mgandamizo mkubwa kuliko unaostahimiliwa na vichomeo vya viwandani, hivyo kabla ya kutumika katika tanuri kama la kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Tegeta, wilayani Kinondoni, sharti mgandamizo wake upunguzwe. Kituo cha kuupunguza kwa kawaida huwa na regulata (vali za kupunguza mgandamizo) mbili zilizofuatana, moja ikifanya kazi ya kila siku na nyingine ikisubiri kushika zamu iwapo ya kwanza itakwama ikiwa wazi.

Kwa kuwa kinga inayosubiri huharibika kimyakimya, kuaminika kwake hupimwa kwa uwezekano wa kushindwa siku itakapohitajika, ambao hukadiriwa kwa kuzidisha kasi ya hitilafu zilizofichika na muda kati ya jaribio moja na jingine, kisha kugawanya kwa mbili. Tuseme kasi hiyo ni 0.02 kwa mwaka na jaribio hufanywa kila mwaka: jibu ni 0.01, na kinga mbili zisizotegemeana hulishusha hadi takriban 0.00013. Tarakimu hiyo inapendeza, lakini ni ya karatasini, kwani ikiwa sehemu moja tu ya kumi ya hitilafu hutokana na chanzo kinachozigusa zote mbili, chanzo hicho peke yake huleta 0.001, zaidi ya mara saba ya hesabu ya awali.

Ndivyo ilivyotokea Merrimack Valley, Marekani, tarehe 13 Septemba 2018, ambako regulata zote mbili zilipima mgandamizo kupitia vijibomba vilivyounganishwa na bomba kuukuu lililokuwa likiondolewa kazini. Lilipotengwa, mgandamizo ndani yake ukashuka, nazo zikafunguka kabisa kana kwamba mtandao mzima una upungufu; gesi ikazidi mtandaoni, mtu mmoja akafariki na majengo 131 yakaharibika. Regulata zenyewe hazikuwa mbovu.

Tegeta, vumbi la saruji na hewa ya chumvi vinaweza kuziba vitundu vya kupumulia vya regulata zote kwa pamoja. Chang'ombe, Temeke, fundi mmoja mwenye geji moja yenye kasoro anaweza kuzirekebisha zote vibaya asubuhi moja. Kwa hiyo ripoti ya ukaguzi inayotaja idadi ya vali na tarehe ya jaribio, bila kueleza kila kijibomba cha kupimia kimeunganishwa wapi na kila vali ilijaribiwa na nani kwa geji ipi, haijapima kuaminika kwa mfumo.