Hamza, Ilyas na Kijerumani Chetu

Sema hapa Port Reitz kwamba unaanza digrii ya Kijerumani, utaulizwa unaenda lini. Utasoma nini, hakuna anayeuliza. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira mjini Berlin, Septemba 2024, lugha hii imekuwa kama nauli: unalipia, unafanya mtihani, unapanda ndege. Sioni ubaya, kazi ni kazi. Lakini kabla ya kujaza fomu, tafuta riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives (2020). Ukishaijua lugha ya mwenye nguvu, unaifanyia nini? Hilo ndilo swali lake.

Gurnah anatupa wanafunzi wawili. Hamza ni askari wa Schutztruppe katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ofisa wake anaamua kumfundisha Kijerumani mpaka amsome Schiller. Kwa nini? Ni huruma, ni upweke, au ni mchezo tu wa mtu mwenye bunduki? Gurnah hatuambii, na Hamza mwenyewe hana hakika. Kurasa hizo ndizo bora kabisa kitabuni, kwa sababu wema na dharau vinatoka kwa mdomo mmoja. Vita vikishapita, Hamza anamtafsiria Afiya mistari ya Schiller kwa Kiswahili. Lugha aliyopewa kwa amri anaigeuza barua ya mapenzi.

Ilyas, kaka yake Afiya, anawaamini Wajerumani kwa kuwa mmoja wao alimtendea wema utotoni. Anawapigania, anawafuata hadi kwao, anawaimbia. Mwisho wake ni kambi ya Wanazi.

Hapa ndipo nina ugomvi na Gurnah. Maisha ya Ilyas huko Ujerumani yanatufikia mbiombio mwishoni, kupitia faili anazochimbua mpwa wake. Najua utetezi wake: ndivyo historia ilivyowaacha watu kama hawa, kwenye faili za wengine. Haunitoshi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo, alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900, na maandishi yake tunayo, ingawa Desturi za Wasuaheli (1903) ilitoka kwa jina la Carl Velten. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akijiita Emily Ruete. Sauti zipo, wallahi. Ilyas naye alistahili sura yake mwenyewe, aseme aliona nini kwa wale watu.

Mimi chuo niliacha, kwa hivyo silabasi najitungia. Wewe unayeingia mwaka wa kwanza, anza na hawa watatu: Salme, Mtoro, Gurnah. Cheti kitakufikisha Hamburg, lakini hakitakufundisha kumtofautisha anayekupenda na anayekuhitaji. Goethe atafuata baadaye, hana haraka.