Koti Husomwa kwa Mkono

Mtu aliyepangiwa kazi Wilaya ya Wanging'ombe, akitokea Dar es Salaam mwezi Machi, mara nyingi hukumbuka sweta akiwa amekwishachelewa. Basi limeondoka alfajiri. Mikumi imepita na joto lake, Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wamegonga vioo huku jasho likiwatoka, kisha gari limeupanda mlima Kitonga na hewa imeanza kubadilika. Mafinga vioo vyote vimefungwa. Nyororo abiria wanajikunyata, na sweta lake liko ndani ya buti la basi, chini ya viroba vya watu.

Wazoefu wa njia hii hawafanyi hivyo. Mizigo yao yote huenda butini isipokuwa sweta, soksi na bahasha ya vyeti.

Igwachanya ndiko yaliko makao makuu ya wilaya hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2012, wakati Mkoa wa Njombe nao ulipomegwa kutoka Iringa. Mwalimu mpya, muuguzi mpya, ofisa kilimo mpya, wote huanzia hapo kabla ya kupelekwa vijijini. Mvua za huku ni za msimu mmoja, toka Novemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo Machi umo katikati yake kabisa. Baridi ya Juni na Julai, ile ya kuamka na kukuta sakitu kwenye majani, bado iko mbali. Taabu ya Machi ni kwamba kila kitu kinalowa na hakuna kinachokauka. Jinzi iliyofuliwa Jumatatu, Alhamisi bado ni mbichi kiunoni. Ndiyo maana siuamini ushauri wa "beba nguo nzito" unaotolewa na kila ndugu kituo cha mabasi. Pamba nzito ikishalowa inakunyonya joto badala ya kukutunzia. Huku mtu huvaa kwa mpango: kuna nguo ya kugusa mwili, kuna ya kutunza joto, kuna ya kuzuia upepo na maji. Na katika mpango huo sijaona mabingwa zaidi ya wauza makoti ya mitumba wa Makambako.

Mji wenyewe ni njia panda. Barabara ya Mbeya na Zambia inaachana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, inafika baada ya kupanda kutoka bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja. Abiria wa treni huondoka Mlimba wakijipepea na kushuka Makambako wakiuliza bei ya jaketi.

Kaa karibu na mama anayefungua belo la makoti asubuhi, umpe salamu yake ya "kamwene", kisha unyamaze umtazame. Rangi haimshughulishi. Kwanza anaingiza mkono ndani ya mkono wa koti hadi mwisho wake, anatanua vidole, analivuta nje likiwa limepinduka. Sasa mishono yote iko juu. Koti la mvua la kweli lina utepe mwembamba uliogandishwa juu ya kila mshono kwa ndani, maana tundu la sindano ni mlango wa maji. Anaukwangua utepe huo kwa ukucha begani na kwapani. Ukinyanyuka kama ngozi iliyobabuka kwa jua, koti linakwenda kwenye fungu la upepo, si la mvua, na bei yake inashuka hapo hapo kabla mteja hajaliona.

Kisha anaubana mdomo kwenye kitambaa na kupuliza, kiganja cha pili kikiwa upande wa pili kusikiliza pumzi. Pumzi ikipita, upepo wa juu ya pikipiki utapita. Baadaye anachovya kidole kwenye kikombe cha maji na kudondosha matone begani, pale pale mkanda wa begi unaposugua, kwa sababu koti huchakaa hapo kwanza. Matone yakisimama na kuviringika, vizuri. Yakitanuka na kuacha doa jeusi, dawa ya kitambaa imekwisha. Zipu anaipandisha na kuishusha polepole, akikazia macho meno mawili matatu ya chini kabisa, ambako nyingi huanza kuachia. Ikikwama anaipaka nta ya mshumaa. Nta hiyo hiyo huipitisha juu ya mshono alioshona upya, iingie kwenye matundu ya sindano.

Kwa masweta ana jaribio lingine. Anachomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuchoma kwa kiberiti. Ukinuka nywele zinazoungua na kubaki majivu yanayosagika, hiyo ni sufu ya kondoo. Ukiyeyuka na kuacha punje ngumu, ni uzi wa kiwandani. Tofauti hiyo ina maana yake: sufu huweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujauhisi mwilini. Lebo zinasema hayo pia, lakini nyingi zimekatwa au zimefutika, na kiberiti hakihitaji kujua Kijerumani.

Vitu anavyovipima kwa pumzi na ukucha vina historia ndefu. Mwaka 1823 Charles Macintosh, Mskoti wa Glasgow, alipewa hataza ya kitambaa chenye mpira katikati ya tabaka mbili. Maji hayakupita, na jasho pia halikupita, ndiyo sababu makoti mengi ya mpira yametobolewa matundu kwapani. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore alivuta ghafla teflon iliyopashwa moto na kupata utando wenye vitundu vidogo mno, unaotoa mvuke wa jasho huku ukizuia tone la mvua. Makoti ya aina zote mbili hufika sokoni humu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe polepole. Mpango huo ulififia karibu kote isipokuwa Rwanda. Hoja za kulinda viwanda vyetu nazielewa. Ila nashuku mezani hapo hakuwepo aliyewahi kusubiri gari Makambako saa kumi na moja alfajiri.

Wateja wakali wa mama huyo ni waendesha bodaboda, na ukitaka kujua koti linavaliwaje, watazame hao. Wengi hulivaa kinyume, zipu ikiwa mgongoni. Mgeni hucheka. Lakini zipu ndiyo sehemu dhaifu ya koti, na mgongo wa koti ni kitambaa kizima kisicho na mwanya. Dereva anaupeleka mgongo huo kifuani, kunakopigwa na upepo. Abiria wa kwenda kijijini afanye hivyo hivyo, bila aibu.

Kuhusu kufungasha, sanduku la magurudumu liache Dar. Kwenye tope jekundu halina kazi. Begi la shangazi kaja linabeba vingi lakini mdomo wake unavuja, kwa hiyo lifungie ndani ya kiroba cha salfeti kilicho kizima. Bora kuliko vyote ni ndoo ya plastiki yenye mfuniko: vyeti, simu na nguo kavu za kulalia humo ndani, na ukifika unayo ndoo. Weka khanga au kikoi badala ya taulo nene, maana kitambaa chepesi hukauka kwa joto la jiko la mkaa usiku mmoja.

Kilichobaki ni miguu. Gambuti zinunuliwe Makambako, namba moja zaidi ya kiatu chako ili soksi mbili zienee, na ukipanda bodaboda suruali ikae nje ya buti, isiingizwe ndani. Maji yanayoteremka kwenye goti hufuata kitambaa. Suruali ikiwa ndani, buti linajaa kabla hujafika kituoni.