Bustani Juu ya Vitabu

Yellowknife ni mji wa kaskazini mwa Kanada. Mwamba uko karibu sana na uso wa ardhi, na kiangazi hakikawii kupita. Cornelia Hahn Oberlander alipopewa kazi ya kusanifu mandhari ya jengo la bunge huko, mapema miaka ya 1990, hakwenda kununua maua kwa wauza miche. Alikusanya mbegu na vipandikizi palepale kiwanjani, vikaoteshwa Vancouver, kisha miche ikarudishwa kwao. Asiyeujua ufundi huu ataona ni kujisumbua bure. Lakini mmea uliozaliwa kwenye mwamba ule umeshazoea baridi yake, hauhitaji kubembelezwa.

Ufundi wa mandhari hausifiwi sana. Jina la msanifu wa jengo litatajwa siku ya ufunguzi. Bustani itaachiwa hela zilizobaki, ipandwe miashoki mistari miwili na kibao cha “Usikanyage majani”. Basi.

Ndiyo maana napenda kisa cha maktaba kuu ya Vancouver, jengo la Moshe Safdie lililofunguliwa mwaka 1995. Oberlander alikabidhiwa paa. Paa ni kiwanja chenye masharti: udongo ukilowa huwa mzigo, na Vancouver ni mji wa mvua; mizizi hutafuta ufa; maji yasipotengenezewa njia yatajitafutia yenyewe, na chini yake kuna vitabu. Inabidi udongo uwe mwepesi, mimea iwe mifupi. Katika ufinyu huo alipanda nyasi za rangi mbili, zenye ubuluu na za kijani, pamoja na kinnikinnick, kimea kinachotambaa chini, akazipinda mpaka zikachora Mto Fraser unavyojikunja kuelekea baharini.

Aliyesimama barabarani haoni kitu. Wasomaji wenyewe hawakuruhusiwa kufika, kwa kuwa ghorofa za juu zilikuwa zimepangishwa kwa serikali ya jimbo. Waliofaidi ni wafanyakazi wa maghorofa ya jirani, wakichungulia madirishani, labda mkononi na kikombe cha kahawa. Hapo ndipo ninapomkubali mama huyu. Wengi tungemwaga kokoto, tukadai malipo, tukaondoka. Yeye alipanda kama mtu mwenye wageni walio njiani. Huenda ni malezi: mama yake, Beate Hahn, alikuwa mtaalamu wa bustani aliyewaandikia watoto vitabu vya kilimo cha bustani, na mtoto aliyefundishwa kungoja mbegu iote hawezi kuwa na haraka ya kusifiwa.

Mwaka 2018 maktaba ilizifungua ghorofa hizo kwa umma, na paa pamoja nazo. Oberlander, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1921, alikuwa na umri wa miaka 97. Msomaji sasa angeweza kupanda na kitabu chake kwapani, akatafuta pa kukaa, na pengine asiulize kabisa nani alipanda.