Rojo la Matufaha

Rojo la matufaha halidai mengi: matunda, maji kidogo, moto wa taratibu na viungo viwili vitatu. Ufundi wake wote uko katika kuchagua tunda na kujizuia.

Tufaha kali huvurugika upesi jikoni. Bramley, aina iliyotokana na mbegu iliyopandwa Southwell, Uingereza, mwaka 1809, huumuka na kuwa povu zito bila hata kupondwa. Granny Smith la kijani, linalouzwa pia Dar es Salaam na Nairobi, ni gumu zaidi na hutaka dakika za nyongeza. Matufaha mekundu matamu hutoa rojo lililopooza, ingawa maji ya ndimu hulichangamsha.

Kilo 1 ya matufaha yaliyomenywa na kutolewa kokwa hutiwa maji nusu kikombe tu, kwani zaidi ya asilimia 80 ya tunda lenyewe ni maji. Mwenye pupa huongeza, kisha hushinda jikoni akiyakausha. Sufuria ikifunikwa kwa dakika 15 hadi 20, vipande hupoteza pembe, maji ya chini huwa mazito, na mwiko hupita bila kugonga kitu. Hapo huepuliwa na kupondwa. Kulichuja ni hiari, na lenye mabonge madogo lina ladha ya kutafuna ambayo lile laini halina.

Kijiti cha mdalasini huingia tangu mwanzo. Mdalasini wa unga hulipa rojo rangi ya udongo. Karafuu 2 au 3 zatosha. Hizi ni tumba za maua zilizochumwa kabla hazijachanua, zile ambazo Pemba huanikwa juani juu ya majamvi, na mafuta yake yakizidi hutia ulimi ganzi. Ziopolewe kabla ya kuponda: aliyewahi kuuma karafuu nzima anajua kwa nini. Kungumanga hukunwa moto ukishazimwa, maana harufu yake huondoka na mvuke. Sukari hungoja mpishi aonje, na mara nyingi haihitajiki.

Waingereza hulila na nyama choma ya nguruwe, Wajerumani na vitumbua bapa vya viazi vilivyokunwa. Mwanaanga John Glenn alilila angani akiizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, akilikamua kutoka kwenye tyubu. Nyumbani hukaa wiki nzima kwenye friji, ndani ya chupa safi yenye kifuniko, na kuanzia siku ya pili viungo huwa vimekolea zaidi.