Hongera Madereva wa Mwendokasi

Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yanashusha watu Msimbazi Polisi na Gerezani, hatua chache tu kutoka Soko la Kariakoo. Njia zake za kwanza, kilomita 21 hivi, zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo huo ni deni letu sote, kwa hiyo kila safari ina thamani.

Mtazame dereva akiingia kituoni: basi refu lililoungwa katikati linakaa sambamba na jukwaa, na mama mwenye mtoto mgongoni na furushi la vitenge anaingia bila kupanda ngazi. Mabasi hayatoshi, foleni ni ndefu, na lawama huwaangukia madereva. Hata hivyo mnaendelea na kazi: hongereni sana, ndugu zetu.