Sauti za Nyangwe katika DVD: Uhakiki wa Maandalizi

Katika idara zetu, kutayarisha sauti na picha kwa ajili ya DVD huhesabiwa kuwa kazi ya fundi, si ya mwanaisimu. Makala haya yanapinga fikira hiyo. Kutayarisha ni kuhariri, na mhariri hana budi kuwajibika kwa yale anayoyafuta.

Historia ya Nyangwe yenyewe ni funzo. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alishuhudia mauaji ya watu waliokuja sokoni hapo, ukingoni mwa Lualaba. Kwa kukosa karatasi, aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda. Baadaye alinakili maelezo yake upya, na Horace Waller akayahariri na kuyachapisha mwaka 1874. Mwaka 2011 ulitolewa usomaji mpya wa kurasa zile zilizofifia, baada ya kupigwa picha kwa mianga mbalimbali. Ilidhihirika kwamba maelezo kadhaa, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake, yalikuwa yamebadilika njiani. Kama kurasa zile zingetupwa, tusingejua.

Kanda zetu hupita njia hiyo hiyo. DVD ya mfumo wa PAL hudai picha ya vitone 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na sauti ya kiloherzi 48. Mkanda wa DV hubeba takriban megabiti 25 za picha kwa sekunde, ilhali picha ya DVD haiwezi kuzidi 9.8. Kwa hiyo hasara fulani haiepukiki.

Kinachoepukika ni usafishaji wa kupita kiasi. Tuchukue mfano wa mzee wa Nyangwe anayesimulia barazani. Programu ya kuondoa kelele ikikazwa mno, hufuta pumzi, konsonanti hafifu na sauti za wanaoitikia. Nao waitikiaji ni sehemu ya simulizi. Kisha huja maandishi ya chini ya picha. Mzee akisema "iko", nasi tukaandika "yupo", tumemsahihisha mbele ya wajukuu wake bila ya kumwuliza. Mwanafunzi atakayechunguza Kiswahili cha Maniema kwa kusoma maandishi hayo atakuwa anachunguza sarufi yetu sisi.

Ajabu ni kwamba DVD haikulazimishi kuchagua: huruhusu njia 8 za sauti na 32 za maandishi. Yafaa basi kuweka sauti iliyosafishwa na ile isiyoguswa, pamoja na maandishi ya lugha kama ilivyosemwa, kando ya yale ya Kiswahili sanifu na ya Kifaransa.

Juu ya hayo, mkanda asilia usifutwe wala usirekodiwe tena, na kila badiliko liandikwe katika daftari. Vifaa vya kuchezea DVD vinazidi kuadimika. Watakaotufuata watahitaji kurudi kwenye chanzo. Tunawaalika wenzetu waeleze wanavyohifadhi kanda zao.