Bakuli la Mbwa Kali

Malango mengi ya Nairobi yana kibao kilichoandikwa "Mbwa Kali". Nyuma ya kibao kama hicho unaweza kulikuta jibwa la kilo 35 ambalo mgeni hathubutu kulisogelea, lakini likiwekewa figo mbichi linainusa, linarudi nyuma hatua mbili na kumtazama mwenyewe kana kwamba limetukanwa. Kulilisha jibwa la namna hiyo chakula kibichi, na chakula chenyewe kiwe kamili, ni ufundi. Wanaoumudu ni wachache na hakuna anayewasifu.

Asiyeujua hudhani kazi yote ni nyama. Mnofu una fosforasi zaidi ya mara kumi ya kalsiamu yake, ilhali mwili wa mbwa unataka kalsiamu ndiyo izidi kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, wana wa simba katika bustani ya wanyama ya London walilishwa nyama isiyo na mifupa wakaugua matege. Daktari mpasuaji John Bland-Sutton akaagiza wapewe mifupa iliyopondwa, maziwa na mafuta ya ini la samaki, nao wakapata nafuu. Nafaka peke yake nayo haikufua dafu: mwaka 1919 Mwingereza Edward Mellanby alieleza jinsi watoto wa mbwa aliowafungia ndani na kuwalisha zaidi nafaka walivyopata matege, na jinsi mafuta yale yale yalivyowakinga. Anayemtupia mbwa wake ukoko wa ugali kila jioni naye ana la kujifunza hapo.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha fundi huyu ni mizani, kisu kinafuata. Kanuni inayotumiwa na wengi ni sehemu 80 za mnofu, 10 za mfupa, 5 za maini na 5 za kiungo kingine kama figo au bandama. Mbwa mzima wa kilo 35 akila asilimia 2.5 ya uzito wake, mgawo wa siku ni gramu 875: mnofu 700, mfupa kama 88, maini 44, figo 44. Moyo, ulimi na firigisi huhesabiwa upande wa mnofu. Shingo ya kuku si mfupa mtupu, ina nyama yake, kwa hiyo nayo inapigiwa hesabu. Mfupa uwe mbichi, kwani uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Hata hivyo kanuni hii ni kiunzi tu. Ikifuatwa kama ilivyo, zinki, manganizi, iodini na vitamini D na E huweza kupungua, na mlishaji makini hupeleka mchanganyiko wake kwa daktari wa mifugo anayejua lishe. Kwa watoto wa mbwa wakubwa tahadhari ni mara mbili: matumbo yao hayawezi kuizuia kalsiamu ya ziada isiingie mwilini, na ikizidi mifupa yao hukua vibaya.

Sasa mbwa anaanza kuchagua. Analamba mchanganyiko wote, anautoa mdomoni mchemraba mmoja wa figo na kuuweka sakafuni, safi kama uliooshwa. Mwingine hataki kitu ila maini. Hapa ndipo mwenye huruma anapoharibu kazi, kwa kumwongezea leo kidogo na kesho kidogo, hadi vitamini A inarundikana mwilini kuliko inavyofaa. Fundi habishani na mbwa wala hamwachii bakuli. Anazisaga figo pamoja na matumbo ya ng'ombe yasiyosafishwa sana, maana harufu yake kwa mbwa ni kama ya pilau kwa mtu mwenye njaa. Anaweka kontena katika maji ya uvuguvugu ili ubaridi wa friji uishe na harufu ipande. Maini yakikataliwa mabichi, anayababua upande mmoja kwenye kikaango. Baada ya dakika 20 bakuli linaondolewa, limeguswa au halikuguswa.

Mbwa mzima mwenye afya haumii kwa kukosa mlo mmoja, na pengine ameshiba tu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, Labrado 48 waligawanywa makundi mawili, na waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao. Lakini mbwa aliyekuwa akila vizuri akagoma ghafla hafanyiwi ujanja wa jikoni. Kupe wa huku huleta homa ambayo dalili yake ya mapema ni kukosa hamu ya kula.

Wapo wanaopinga mlo huu kwa sababu nzito. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kinashauri usitumike tangu mwaka 2012, kwa ajili ya salmonela na vijidudu vingine ambavyo friza haiviui. Hapa Kenya kuna hoja iliyo karibu zaidi: Turkana imejulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa wa uvimbe wenye maji, unaotokana na tegu ambaye mbwa humpata kwa kula mapafu na maini mabichi ya mifugo iliyoambukizwa, kisha mayai yake yakamfikia binadamu. Kwa hiyo viungo vya ndani hununuliwa bucha yenye nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, na penye shaka yoyote huchemshwa. Nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa ni afadhali ipike kila kitu na kuuacha mfupa kabisa, kalsiamu itoke kwenye maganda ya mayai yaliyosagwa.

Majibu ya kazi yote hupatikana asubuhi uani, pamoja na koleo. Kinyesi cheupe kinachovunjika kama chaki kinasema mfupa umezidi. Cheusi na chepesi mara nyingi kinasema maini au figo zimepita kipimo. Fundi anakitazama, anarudi jikoni na kupunguza gramu kumi.